Wana Kigoma, ukipimwa VVU kwa kipimo kimoja tu usiondoke na jibu la "chanya". Naeleza kwa nini

#1 Mtu wa Maabara (Kigoma)

Wanajukwaa, salamu kutoka mwisho wa reli.

Nimefanya kazi ya maabara miaka 14, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nimekuwa nachoma watu vidole na kusubiri mstari utokee au usitokee. Naandika uzi huu kwa ajili ya mama mmoja aliyekuja dirishani kwangu mwezi uliopita ameshika karatasi iliyokunjwa mara nne. Alikuwa amepimwa mahali fulani, sitapataja, kwa kipimo kimoja cha haraka. Karatasi ilisema "VVU: chanya", ikapigwa muhuri. Jina la kitendanishi halikuandikwa, saa ya kusoma jibu haikuandikwa, na kipimo cha pili hakikufanyika.

Alikuwa na karatasi hiyo kwa wiki 6. Mumewe, mvuvi, alishabeba nguo zake na kuvuka ziwa kwenda Kalemie. Nilimpima upya. Kesho yake mwenzangu akamtoa damu nyingine na kumpima bila kujua jibu langu. Hana VVU. Nilidhani atafurahi. Akaniuliza, "Sasa nani ataniamini?" Mpaka leo sijapata cha kumjibu.

Kwa hiyo tuelewane kipimo hiki kinafanya nini. Kipimo cha haraka hakitafuti kirusi. Kinatafuta kingamwili, yaani zile protini ambazo mwili hutengeneza baada ya kuvamiwa. Kwenye ule utepe wamebandika vipande vya protini vinavyofanana na vya VVU. Kingamwili zako zikipita na kuvitambua, zinang'ang'ania hapo, rangi inakusanyika, mstari unatokea. Ukishalijua hilo utaona kipimo kinaweza kukosea kwa njia mbili: kumwacha mwenye VVU apite, au kumsingizia asiyekuwa nayo.

Wataalamu huyapima makosa hayo kila moja kwa namba yake. Shirika la Afya Duniani linataka kipimo cha haraka kinase angalau 99% ya wenye VVU, na kile cha kwanza kiwape jibu sahihi angalau 98% ya wasio nayo. Namba hizo zinapatikana kwa kukijaribu kipimo kwenye damu ambazo hali yake inajulikana tayari kwa vipimo vya juu zaidi. Watu wakisikia 98% wanasema basi, ni karibu kamili. Chukueni kalamu.

Utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 ulikuta maambukizi kwa watu wazima wa Kigoma ni 1.7%, chini kuliko mikoa mingine yote ya Tanzania Bara. Njombe ilikuwa juu kabisa, 12.7%. Sasa pima watu wazima 10,000 hapa Kigoma. Wenye VVU ni 170, na kipimo kinawanasa 168. Wasio nayo ni 9,830, na 2% yao, yaani watu 197, wanasingiziwa. Jumla umepata mistari 365, na ya kweli ni 168 tu. Zaidi ya nusu ya watu uliowaonyesha mstari hawana VVU!

Peleka kipimo hicho hicho Njombe, boksi moja, mtaalamu mmoja. Wenye VVU ni 1,270, wananaswa 1,257. Wanaosingiziwa ni 175. Kati ya mistari 1,432, karibu 88% ni ya kweli. Kipimo hakijabadilika hata chembe. Waliobadilika ni watu unaowapima. Ndiyo maana nawaandikia ninyi wa huku kwanza. Kwenye mkoa wenye maambukizi machache, mstari mmoja peke yake una uzito mdogo kuliko mnavyoamini.

Nisiwe mchoyo wa ukweli: 98% ni kiwango cha chini kinachokubalika, na vipimo vingi vilivyoidhinishwa vinafanya vizuri kuliko hapo. Lakini hata kikiwa 99%, bado watu 98 wanasingiziwa katika hao 10,000.

Hapo ndipo kipimo cha pili kinapoingia, tena cha kampuni nyingine, chenye protini tofauti. Nchini kwetu kwa miaka mingi cha kwanza kilikuwa SD Bioline na cha kuthibitisha Uni-Gold. Kipimo cha pili kinatakiwa kisisingizie zaidi ya 1%. Wapitishe wale 365: wa kweli wanabaki 166, wa kusingiziwa wanashuka kutoka 197 hadi 2. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani likashauri nchi zote zitumie vipimo vitatu mfululizo kabla ya kumwambia mtu ana VVU. Sababu yake inafurahisha. Wengi wenye VVU wameshajulikana na wako kwenye dawa, kwa hiyo wanaokuja kupimwa leo wengi wao hawana, na hesabu niliyowaonyesha inazidi kuwa mbaya kila mwaka tunavyofanikiwa.

Watu wa Kibirizi na Katonga watanielewa nikisema kipimo cha kwanza ni wavu wa dagaa. Macho yake madogo makusudi, ili kisitoroke kitu, na kwa hiyo unavuta na visivyo dagaa. Hakuna anayepima kilo akiwa bado ndani ya mtumbwi. Unafika mchangani, unachambua.

Jambo la mwisho kabla sijapumzika. Hesabu yangu ya wale 2 waliobaki inachukulia kwamba kipimo cha pili hakikosei kwa sababu ileile ya cha kwanza. Mara nyingine kinakosea kwa sababu ileile. Utafiti uliofanyika Mwanza kwa vijana ulikuta majibu ya kusingiziwa yanahusiana na kichocho. Kongo, wagonjwa wa malale walionekana kuvichanganya vipimo vya VVU. Na Bukavu, si mbali na kichwa cha ziwa letu, Madaktari Wasio na Mipaka walikuta karibu mtu mmoja kati ya kumi waliotoa mstari kwenye vipimo VIWILI hakuwa na VVU alipochunguzwa kwa kipimo cha juu zaidi. Mwili uliopigana muda mrefu na vimelea unajaa kingamwili za kila namna, na baadhi zinanata pasipo pake. Sisi tunaokoga ziwani na kupita porini kwenye mbung'o tusiyasikie haya kama habari za mbali.

Maswali karibuni.

#2 Mdadisi wa Urambo

Mkuu, asante kwa uzi. Ila umenithibitishia nilichokuwa nasema siku zote. Hivi vipimo ni biashara. Kuna orodha nilisoma ya magonjwa karibu 70 yanayoleta VVU ya uongo: malaria, mafua, hata mimba. Kaka yangu anameza ARV mwaka wa 9 sasa na hajawahi kuumwa. Si nimwambie aache?

#3 Mtu wa Maabara

Ndugu yangu, nakuomba sana usimwambie. Hili nitalijibu kwa urefu kwa sababu ndilo niliogopa nilipoanza kuandika.

Orodha hiyo ina mizizi ya kweli, ila mizizi yake ni ya zamani. Kirusi kilitambuliwa Paris mwaka 1983, na kipimo cha kwanza cha damu, ELISA, kiliidhinishwa Marekani Machi 1985, kusudi kubwa likiwa kulinda damu ya kuongezewa wagonjwa. Kipimo hicho cha kwanza kilitengenezwa kwa kuotesha kirusi ndani ya seli za binadamu, kisha kukiponda. Ndani ya ule mponde kulikuwa na mabaki ya seli zenyewe. Mwanamke aliyezaa mara nyingi anaweza kuwa na kingamwili dhidi ya seli za mtu mwingine, kwa kuwa kila mimba inamkutanisha na damu ya mtoto mwenye nusu ya baba. Kipimo kikamsingizia. Damu za watu wenye kingamwili nyingi za malaria nazo zilikisumbua. Hayo yote yaliandikwa na wanasayansi wenyewe, hadharani, na ndiyo sababu kipimo kile kikaachwa. Vilivyofuata vinatumia vipande vya protini vilivyotengenezwa peke yake, bila mabaki ya seli. Anayekutumia orodha ile leo anakuonya kuhusu gari lililoshatolewa barabarani.

Bado vipimo vya leo vinasingizia, nimesema hapo juu. Lakini angalia kosa liko wapi. Liko kwa mtu mwenye mstari MMOJA, au mistari hafifu, ambaye hakurudiwa. Kaka yako ana miaka 9 kwenye kliniki ya tiba na matunzo. Kwenye faili lake kuna vipimo vya wingi wa virusi. Mwombe muulize pamoja majibu ya kile cha mwanzoni, kama kilifanyika. Kama virusi vilihesabiwa kwa maelfu kisha vikashuka baada ya dawa, hapo hakuna kingamwili ya malaria inayoweza kuigiza hilo, kwa sababu kipimo hicho kinahesabu kirusi chenyewe. Na kwamba hajaugua, ndiyo kazi ya dawa.

Kuna mtego mwingine. Akiambiwa "virusi havionekani", watu wanadhani amepona. Mpime kwa kipimo cha haraka siku hiyohiyo, mstari utatokea, maana kingamwili zinabaki. Na wapo wachache, hasa walioanza dawa mapema sana, ambao kingamwili zao hupungua mpaka kipimo cha haraka kinakosa mstari. Huyo naye hajapona. Kirusi kimejificha, na akiacha dawa kitarudi. Ndiyo maana hatushauri mtu aliye kwenye ARV ajipime "kuhakikisha". Nimezika jirani aliyeacha dawa baada ya kuambiwa na watu wa maombi kwamba mstari wake umefutika. Alikuwa na miaka 31.

Akiwa na shaka ya kweli, aende kwa daktari wake wa kliniki akiwa bado anameza dawa, aiseme shaka yake hapo. Atasikilizwa.

#4 Muuguzi Mstaafu

Mwanangu, umeongea vizuri. Niongeze ya kwetu sisi tuliokaa wodini na kwenye zahanati za vijijini. Kipimo kinaharibika kabla hakijamgusa mtu. Nimewahi kukuta boksi limewekwa juu ya kabati chini ya bati, Septemba, mchana. Ukigusa lina joto kama mkate. Maboksi mengi yameandikwa yasipite nyuzi 30, na mengine hayafiki hata hapo. Nani anasoma? Halafu chupa ya ile dawa ya matone ikiisha, mtu anachukua ya kipimo kingine. Wakati wa foleni ndefu siku ya kliniki ya wajawazito, mtu anaweka damu kwenye vipimo vitano kwa pamoja, anakwenda kuandika rejista, akirudi hajui kipi kimekaa dakika ngapi.

#5 Mtu wa Maabara

Shikamoo mama. Umegusa kidonda changu mwenyewe.

Mwaka wangu wa pili kazini, kwenye kituo kidogo, nilisoma kipimo baada ya karibu saa nzima. Kilikuwa hasi nilipokitazama mara ya kwanza kwa haraka. Niliporudi kulikuwa na kivuli cha mstari, rangi ya kijivu. Nikaandika chanya. Kila kipimo kina dakika zake, na baada ya hizo utepe unakauka, damu inarudi nyuma, na vivuli vinatokea ambavyo havina maana yoyote. Msimamizi wangu alikiona kile kipimo kabla karatasi haijatoka. Alikitupa mbele yangu, akanituma nikaanze upya na saa mkononi. Yule dada hakujua kamwe. Mimi najua, na mpaka leo naandika saa ya kuweka damu na saa ya kusoma juu ya kila kipimo kwa kalamu ya wino.

Kingine ambacho wengi, hata wa fani yetu, hawakijui: ule mstari wa udhibiti wenye herufi C. Watu wanadhani ukitokea basi kila kitu kiko sawa. Kwenye vipimo vingi unatokea hata kama hukuweka damu kabisa, ilimradi matone ya dawa yamepita kwenye utepe. Unakwambia maji yametembea. Haukwambii damu ilikuwa ya kutosha. Mtu aliyechomwa kidole kikatoa tone dogo, likasambaa nje ya kishimo, anaweza kupewa "hasi" safi kabisa na C yake imesimama.

Ndiyo maana maabara nzuri hutumiwa sampuli za kutahini, damu ambayo aliyetuma anajua jibu lake na sisi hatujui. Tunapima, tunarudisha majibu, tunapewa alama. Mkienda kupimwa, ulizeni kama kituo hicho hupimwa. Si utovu wa adabu kuuliza.

#6 Mama wa Kasulu

Naomba msaada jamani. Mimi nina maambukizi, niko kwenye dawa tangu mimba. Mtoto ana miezi 9, nanyonyesha. Juzi tulikuwa safarini akaumwa, wakampima kidole wakasema naye anayo. Sijalala siku tatu.

#7 Mtu wa Maabara

Dada, pole. Nisikilize: kipimo kile cha kidole kwa mtoto wa miezi 9 hakiwezi kukwambia kama ana VVU.

Ukiwa mjamzito, kingamwili zako zilipita kwenye kondo la nyuma zikaingia kwa mtoto. Ni zako, amebeba tu. Zinaweza kukaa mwilini mwake hadi miezi 18. Kipimo kinaziona, kinatoa mstari, na mtoto anaweza kuwa mzima kabisa. Anayepimwa pale ni wewe kupitia damu yake. Kwa watoto chini ya miezi 18 tunatafuta kirusi chenyewe: matone machache ya damu kwenye karatasi maalumu, yanakaushwa, yanapelekwa kwenye maabara yenye mashine ya PCR. Bila shaka alichukuliwa alipokuwa na wiki 6, angalia kwenye kadi. Miezi 9 ni wakati wake wa kuchukuliwa tena. Nenda kliniki yako kesho asubuhi na kadi zote mbili, waambie kilichotokea safarini. Wewe endelea na dawa zako bila kuruka hata siku moja, na mtoto mpe alizoandikiwa. Hizo ndizo zinazomlinda wakati ananyonya. Ukishaacha kumnyonyesha kuna kipimo cha mwisho, usikikose.

Muuguzi mama yangu, kama uko karibu na Kasulu naomba umwandikie huyu dada faragha.

#8 Muuguzi Mstaafu

Nimeshamwandikia.

#9 Mpanda Treni (Tabora)

Mkuu, mimi ni wa jana. Nilipimwa Kaliua. Kipimo cha kwanza kilitoa mstari, hafifu sana, mpaka waliitana watu wawili kuutazama. Cha pili hakikutoa. Wakarudia, ikawa vilevile. Wakaniambia majibu hayaeleweki, nirudi baada ya siku 14. Nilimweleza mke wangu ukweli, kaenda kwao. Siku 14 ni nyingi. Nimefikiria kununua kile kipimo cha kujipima mdomoni nijue leo.

#10 Mtu wa Maabara

Kaka, kwanza hao waliokupima wamefanya kazi yao kwa heshima. Wangeweza kukuandikia lolote.

Siku 14 zina sababu. Hali yako ina maelezo mawili. Huenda ni kingamwili inayonata tu, kama nilivyoeleza. Au huenda maambukizi ni mapya na kingamwili ndiyo kwanza zinaanza, kipimo kimoja kikawahi kuziona kuliko kingine. Kama ni la pili, ndani ya wiki mbili zitaongezeka na vipimo vyote vitasema wazi. Hakuna kitu duniani kitakachokwambia hilo leo isipokuwa kipimo cha kutafuta kirusi, na ukipata nafasi ya kukifanya, uliza.

Kipimo cha mdomoni kiache. Sheria yetu imeruhusu kujipima tangu 2019 na ni jambo jema, kimewafikia wanaume ambao hawakanyagi kliniki. Lakini kinasoma majimaji ya fizi, ambamo kingamwili ni chache kuliko kwenye damu, kwa hiyo kwa maambukizi mapya kinachelewa zaidi. Kikiwa hasi leo hakitakutuliza kwa haki, kikiwa chanya bado utarudishwa kwenye vipimo vya damu.

Sasa nijibu, na hapa si lazima uandike hadharani: tukio la mwisho ambalo ungeweza kuambukizwa lilikuwa lini? Vipimo hivi vya kingamwili huweza kuhitaji kati ya siku 23 na siku 90 ndipo vione. Vile vya maabara kubwa vinavyotafuta pia protini ya kirusi, ile iitwayo p24, vinaanza kuona kati ya siku 18 na 45. Tarehe hiyo ina maana kubwa kuliko mstari wako hafifu. Mpaka ujibiwe, tumia kondomu, na usitoe damu.

#11 Mpanda Treni

Nimekutumia faragha. Asante mkuu. Nitasubiri.

#12 Mdadisi wa Urambo

Nimekaa na kaka. Faili lake lina hesabu ya virusi ya mwaka wa kwanza, 48,000, ya mwaka uliofuata wameandika havionekani. Hakuwahi kuniambia. Sitamgusa kwenye dawa zake. Ila swali: kile kipimo cha Western blot nilichosikia kwamba ndicho cha uhakika, mbona hamkitumii?

#13 Mtu wa Maabara

Asante kwa kurudi, kaka, na nimefurahi mmekaa pamoja.

Kilitumika sana kuanzia miaka ya 1980. Protini za kirusi zinatandazwa kwenye utepe mrefu, unaona damu imeitika kwa ipi na ipi. Ni kizuri, lakini ni ghali, kinataka siku na mikono yenye uzoefu, na kwa maambukizi mapya mara nyingi kinatoa majibu tata. Marekani ilikiacha 2014, na ushauri ule wa 2019 ulizitaka nchi zisikiweke kwenye utaratibu wa kawaida. Vipimo vitatu tofauti vikifuatana vinafanya kazi hiyo siku hiyohiyo, hata Buhigwe ndani ndani.

#14 Mpanda Treni

Wakuu, leo ilikuwa siku ya 14. Nilifika saa moja na nusu asubuhi. Damu mpya, mtu mwingine, boksi jipya alilifungua mbele yangu na kunionyesha tarehe. Aliandika saa kwa kalamu kama ulivyosema.

Kipimo cha kwanza hakikutoa mstari. Nilimwomba akisome tena kabla dakika hazijaisha, akanigeuzia kwenye mwanga wa dirisha. Hakuna kitu.

Kwa tarehe niliyokutumia, leo ni mwezi wa tano.

#15 Mtu wa Maabara

Kaka, kwa tarehe hiyo, umeshapita ule muda wa dirisha, yaani zile siku ambazo kipimo bado hakiwezi kuona maambukizi mapya. Hilo ni jibu. Lihifadhi na karatasi ile ya kwanza, zikae pamoja, maana hata siku nyingine kipimo kinaweza kukuletea kile kivuli na utahitaji kumwonyesha atakayekupima. Mwambie daktari pia akupime kichocho.

Na mwenzio apimwe, kwa vipimo vyake mwenyewe. Jibu lako si lake.

#16 Mpanda Treni

Mshauri naye kasema hivyo, nije naye. Nampigia baba mkwe jioni hii, karatasi zote mbili ninazo mfukoni.